Mambo yakivunjika, utashika bangili au gunia la chumvi?

Mleta mada, Dodoma

Wakuu, habari za jioni. Kwenye kikoba chetu kumezuka ubishi usioisha. Mwenzetu mmoja amechukua mgawo wake wote wa mwaka akanunua mkufu wa dhahabu. Anasema siku serikali ikianguka na noti zikawa karatasi za kufungia karanga, yeye atakuwa salama. Nikamwambia bora ungenunua kinu cha chuma cha kusagia kwa mkono. Akacheka. Naleta hapa tupimane.

Nchi hii imewahi kuvunjika kweli. Vita Kuu ya Kwanza ilipowakatia Wajerumani njia ya bahari, pesa ziliwaishia. Wakaanza kuchapa noti za dharura humu humu, na mwaka 1916 karakana ya reli Tabora ikafua sarafu kwa dhahabu ya Sekenke: rupia 15, tembo kainua mkonga, gramu 7 na kidogo. Zilitoka kama 16,000. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakauchukua mji. Leo tembo mmoja mnadani anakwenda kwa maelfu ya dola, na hapo ndipo wapenda dhahabu huniambia "umeona?"

Sasa njooni huku Ugogo. Majeshi yalipita yakikomba ng'ombe na nafaka, wanaume wakachukuliwa upagazi, kisha mvua ikagoma. Njaa ile Wagogo waliiita Mtunya, na inakadiriwa iliua watu 30,000. Ng'ombe ndiye aliyekuwa benki ya Mgogo, mali ya mahari na ya heshima, lakini watu walimtoa kwa nafaka kiduchu. Wengine waliweka watoto rehani. Mwaka ule tembo wa dhahabu angekununulia nini hapa? Na hata akipatikana wa kumpokea, chenji ungepewa kwa kitu gani? Gramu moja ya leo, bei imeshapita dola 100, ni zaidi ya gunia zima la mahindi. Wewe unataka kibaba.

Mchimbaji, Geita

Mkuu, kwenye chenji umeteleza. Sisi huku dhahabu siyo mkufu, ni unga. Unatoka mwaloni, pale tunapooshea mchanga wa dhahabu, na pointi tatu (pointi ni sehemu ya kumi ya gramu, kwa wasiojua), unampelekea mama ntilie, anakuandika milo yako na maisha yanaendelea. Mzani wake ni mdogo, unakaa kiganjani. Betri ikiisha je? Kuna mzee alinionyesha namna ya kupimia kwa njiti za kiberiti. Alikuwa hakosei sana, na akikosea alikuwa anakosea kwa faida yake.

Zimbabwe mwaka 2008, miezi michache kabla ya ile noti ya dola trilioni 100, watu wa vijijini walichekecha mchanga wa mito, wakapeleka pointi dukani, wakapewa mkate. Mkate, mkuu. Siyo nyumba.

Mleta mada

Hilo la chenji umeninyang'anya, nakubali. Ila jiulize kwa nini mama ntilie anaipokea. Kwa sababu jioni broka anakuja na shilingi. Broka asipotokea wiki tatu, mama huyo atakupikia? Zimbabwe ilikuwa na Afrika Kusini mlangoni, unga na mafuta vinavuka mpaka wa Beitbridge kila siku. Dhahabu ilifanya kazi kwa kuwa ng'ambo ya mto hakukuvunjika kitu. Ugogo wa wakati wa Mtunya haukuwa na ng'ambo.

Mjukuu wa Unguja, sasa Muscat

Hapohapo kaka, umelitaja neno letu, ng'ambo. Bibi yangu aliondoka Unguja mwaka 1964 baada ya Mapinduzi, na bangili sita kazishonea ndani ya mto wa kulalia mtoto. Duka la babu lilikuwa na mchele, miche ya sabuni, marobota ya khanga, yaani hivyo hivyo vitu vya maana mnavyovisifu. Vyote vilibaki na mlango wazi. Gunia halipandi jahazi usiku na mama mwenye watoto wanne. Bangili mbili ziliuzwa Mombasa, ikapatikana nauli na chumba cha kupanga.

Mtu atakayebaki kijijini kwake mpe chumvi. Atakayekimbia mpe dhahabu. Taabu ni kwamba babu, hadi wiki ile, alikuwa na hakika yeye ni wa kubaki.

Mchangiaji, Kampala

Dada, vizuizi vya barabarani umevisahau? Wahindi walipopewa siku 90 waondoke hapa mwaka 1972, njia ya Entebbe ilijaa askari, na bangili ndiyo ilikuwa ya kwanza kuvuliwa. Ujanja wa mto wa mtoto askari nao wanaujua. Bibi yako alikuwa na bahati.

Mkaaji wa Goma

Bandugu, ninyi munazungumza ya zamani. Mimi nilikuwa hapa mwisho wa Januari 2025, waasi wa M23 walipouchukua mji. Umeme hakuna, maji hakuna. Dhahabu sisi tunayo, inatoka milimani kwetu, lakini siku zile sikusikia mtu akiuliza bei yake. Watu waliuliza bido, yaani dumu, la maji. Jirani yangu ana chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma. Alipakia mabido sita ya lita 20 kutoka ziwani, akapandisha nayo kwenye yale mawe meusi ya volkano, kandambili moja imekatika kamba, kaifunga na kitambaa. Wenye magari wakamngojea mlangoni kama waziri.

Benki zilifunga. Pesa ya kwenye simu ilikuwepo, lakini kuitoa unakatwa, na wengine walivuka mpaka hadi Gisenyi, Rwanda, kutafuta noti za mkononi. Dola nayo ikiwa na kachaniko kadogo kwetu hapa inakataliwa, hata wakati wa amani. Kwa hiyo unaona mtu ana pesa na ana njaa.

Na jambo moja munalisahau. Gari lilitamaniwa na kila mwenye bunduki. Chukudu hakuna aliyeitaka.

Mwenye duka, Eastleigh

Nyote mnaruka Somalia. Benki kuu ilikufa mwaka 1991, shilingi haikufa. Noti ya 1,000 iliendelea kununua nyama na chai miaka na miaka bila serikali, bila gavana. Matajiri wa vita wakaleta za bandia kwa wingi, ikashuka hadi ikakaribia gharama ya karatasi na wino, na bado ikapokelewa. Karatasi! Sasa mtanieleza hiyo ni dhahabu au ni chumvi? Mtu hupokea kitu akijua kesho atapata wa kumpa, basi. Duka langu likishika moto, mimi kwanza nitaokoa daftari la madeni. Wateja wangu najua wanapoishi.

Mzee mstaafu, Tabora

Marahaba, mliosalimu na msiosalimu. Mnaosifu vitu hamjawahi kukamatwa navyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 hapa sabuni ilikuwa haionekani, tulifulia majani ya mpapai. Mimi nilikuwa na katoni nne uvunguni, nikijiona tajiri. Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi. Usiku watu walikuwa wakimwaga sukari mitaroni. Katoni zangu nilizitumbukiza chooni, mche mmoja mmoja maana tundu lilikuwa dogo, mke wangu kanishikia koroboi. Ile mali ilikuwa imegeuka ushahidi.

Na huyo wa kuweka mahindi, je, dumuzi, yule mdudu mla nafaka, anamjua? Miaka hiyohiyo aliibukia huku kwetu Tabora, watu wakamwita Scania, kama lile lori. Miezi michache gunia limebaki vumbi. Atakayeniambia niweke akiba ya vitu aniambie pia naiweka wapi, kwa miaka mingapi, na jirani yupi hatakiwi kuiona. Chumvi nakubali. Chumvi haina mdudu.

Mleta mada

Shikamoo mzee, na pole kwa sabuni. Nimelegea kidogo, sitadanganya. Mkufu wa mwenzangu nimeacha kuusema vibaya. Lakini yeye hana ndugu Muscat wala Mombasa, ana shamba Bahi na mama mgonjwa ambaye hawezi kumwacha. Huyu ni wa kubaki. Kwake yeye kinu, jembe, chumvi na madeni ya majirani vinatangulia, mkufu uje baadaye kama kuna kilichosalia. Hapo sitoki.

Dada wa Muscat, hukumalizia. Zile bangili nne ziliishia wapi?

Mjukuu wa Unguja, sasa Muscat

Tatu zilikwenda kwenye ada za mama na wajomba. Ya mwisho ninayo mkononi. Nimenenepa, siku hizi haitoki bila sabuni.