Picha za leso na makombe kwenye plaiwudi: ubao unapinda, kauri zinadondoka, rezini inaingia utando. Naomba ushauri

BintiKibokoni

Assalam aleikum jamaa. Naomba msaada wa wanaoijua kazi hii vizuri. Natengeneza picha za ukutani hapa nyumbani, Mji wa Kale, Mombasa. Ubao ni plaiwudi ya milimita 3, sentimita 30 kwa 40. Juu yake nabandika kipande cha leso (khanga), pembeni nazungusha ukili, yaani msuko wa majani ya mkindu, halafu naweka kauri, makombe na mchanga wa pwani. Gundi ni ile nyeupe ya mbao, na mwisho namwaga rezini, ile ya kuchanganya na kigumishi ikakauka kama kioo.

Shida ni hizi. Ubao ukikauka ncha zake zinainuka kuja mbele. Leso inatoa malengelenge siku ya pili. Kauri zinadondoka na gundi inabaki ubaoni, lakini makombe makubwa yanatoka pamoja na mchanga wake. Rezini inapata utando mweupe, ukipitisha kidole wahisi kama mafuta. Na zile nilizoziegemeza ukutani zimeota ukungu mweusi kwa nyuma.

Nataka kuziuza, kwa hivyo nataka ziwe imara. Kosa liko wapi?

Fundi_wa_Mbao

Waaleikum salaam dada. Nianze na ubao, kwa sababu ukipinda huo, vyote vilivyo juu yake vitafuata.

Milimita 3 ni nyembamba mno kwa kazi yenye gundi ya maji. Unapopaka upande mmoja, upande huo unakunywa maji na kutanuka, kisha gundi inakauka na kusinyaa huku ikivuta. Upande wa nyuma haukupakwa kitu, hauna cha kuvutana nacho, basi ncha zinakuja mbele. Dawa ni mbili na zote zinahitajika. Ya kwanza, tumia milimita 9, au 6 yenye fremu ya mbao za inchi moja iliyogundishwa nyuma. Ya pili, chochote unachopaka mbele kabla ya leso, paka na nyuma siku hiyo hiyo.

Utaratibu wangu: msasa namba 120 pande zote, futa vumbi kwa kitambaa kibichi kidogo, kisha mikono miwili (yaani kupaka mara mbili) ya praima au vanishi, mbele, nyuma na kwenye kingo. Usisahau kingo. Pale plaiwudi ilipokatwa ndipo inapokunywa unyevu kuliko mahali popote, na Mombasa hewa yenyewe ina maji mwaka mzima. Mkono wa mwisho wa mbele ukikauka, upitishie msasa namba 220 kidogo tu ili gundi ipate pa kushika.

MamaUkili

Mwanangu, malengelenge yana sababu mbili kubwa. Moja ni leso haikufuliwa. Leso mpya kutoka dukani Biashara Street ina wanga, ndiyo maana inasimama ukiikunja. Gundi inashika wanga, haishiki uzi. Ifue kwa maji ya moto na sabuni, usitie dawa ya kulainisha nguo, ianike, ipige pasi.

Sababu ya pili ni maji ya gundi. Pamba ikilowa inatanuka. Ukiibandika ikiwa imetanuka na gundi ikakauka huku na kule kwa wakati tofauti, pale palipochelewa panainuka.

Kuna njia ya kuepuka hayo yote. Gundi nyeupe ya kawaida hulainika kwa joto. Paka ubao mkono mmoja mwembamba, paka na mgongo wa leso iliyonyooshwa juu ya nailoni, uache vyote vikauke kabisa, usiku mzima au zaidi ikiwa ni msimu wa mvua. Kisha weka leso juu ya ubao, funika kwa karatasi ya kuokea, ubandike kwa pasi ya moto wa wastani bila mvuke. Anzia katikati uende pembeni, ukikandamiza kila mahali sekunde kumi hivi. Ukimaliza usiishike, iwekee vitabu vizito mpaka ipoe, kwa sababu gundi inashika inapopoa. Hapo hakuna maji, hivyo hakuna kutanuka. Angalia tu isiwe gundi ile iliyoandikwa kuwa haiingii maji. Hiyo hailainiki vizuri kwa pasi.

Kabla ya hapo, jua leso yako ni ya nini. Chomoa uzi mmoja, uuchome. Pamba inanuka karatasi iliyoungua na jivu lake linasagika vidoleni. Polista inayeyuka na kuacha punje ngumu, na hiyo haishiki gundi vizuri wala haitaki pasi ya moto.

Na tafadhali, kata kwa heshima. Leso ina pindo pembeni, ina mji katikati, ina jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa. Kwa ubao wa 30 kwa 40 unahitaji kipande cha 38 kwa 48 ili upate sentimita 4 za kukunjia nyuma kila upande. Kipime ili jina liingie zima. Nikiona picha yenye nusu ya jina naumia, kwa sababu mnunuzi wa hapa kitu cha kwanza atakachofanya ni kulisoma.

Nyali_Sanaa

Kuongezea kwa Mama: leso nyekundu na nyeusi zinatoa rangi. Iloweke kwenye chumvi na siki usiku mmoja, rangi itashika.

MamaUkili

@Nyali_Sanaa hapana mwanangu. Hilo linasemwa sana, lakini rangi za leso za kiwandani hazishikwi na siki wala chumvi. Kinachosaidia ni kufua mpaka maji yatoke meupe, kisha kupima: kandamiza kitambaa cheupe kilicholowa juu ya leso kwa pasi. Kikitoka na doa, irudishe majini. Ikiwa haiachi kutoa rangi, usiitumie kwenye kazi utakayoipaka kitu cha maji juu, chagua nyingine.

Mvuvi_wa_Rangi

Dada, umesema jambo ambalo wengi hawaliangalii: gundi imebaki wapi. Kauri imetoka safi na gundi ikabaki ubaoni, maana yake haikushika kauri. Kombe limetoka na mchanga, maana yake gundi ilishika sawasawa ila mchanga wenyewe haukushika ubao. Ni makosa mawili tofauti.

Kauri ni laini na hainywi maji. Gundi nyeupe hukauka kwa kutoa maji, na chini ya kauri hayana pa kutokea. Halafu kauri ina mdomo, kwa hivyo inagusa ubao kwenye mistari miwili tu. Tumia epoksi ya mirija miwili, sehemu sawa kwa sawa. Kwaruza upande wa mdomo kwa msasa namba 80 mpaka mng'aro uondoke, jaza mdomo kwa epoksi ya kukanda, iache ngumu, isawazishe kwa msasa. Sasa ina kitako bapa, gundisha. Usitumie gundi ya haraka ya kichupa. Inavunjika ikigongwa, na kwenye unyevu huacha vumbi jeupe kandokando. Gundi ya moto ya bunduki nayo hulainika ndani ya gari lililoegeshwa juani, na mteja atafika nyumbani na kauri sakafuni.

Makombe makubwa yasikae juu ya mchanga. Weka alama kwa penseli, kata leso mahali hapo ubao uonekane, gundisha kombe kwenye ubao wenyewe. Mchanga unakuja baadaye kuzunguka.

Mchanga wenyewe: wa pwani una chumvi, na chumvi huvuta maji kutoka hewani. Hata ukiukausha vipi, usiku utalowa tena. Uoshe kwa maji matamu, koroga, mwaga, rudia mpaka ukionja maji hayana chumvi. Uanike, uchekeche kwa chujio la chai. Changanya na gundi nyeupe polepole mpaka ukolee kama uji wa mtoto, utandaze usiozidi milimita 2 au 3 kwa mkono mmoja. Ukizidisha unapasuka ukikauka. Ukitaka mnene, paka tena kesho.

Makombe nayo yaoshwe hivyo hivyo. Yenye harufu yalowekwe saa chache kwenye jiki na maji nusu kwa nusu, kisha maji matamu siku mbili ukiyabadilisha. Kauri usizitie jiki, zitapoteza mng'aro, zisugue kwa sabuni na mswaki. Siki usiitie kwenye makombe kabisa, kombe ni chokaa na siki inaila. Na usichanganye siki na jiki hata tone, hutoa hewa ya sumu.

Shangazi_Likoni

Nami niseme kuhusu yanakotoka. Ndani ya hifadhi ya bahari ya Mombasa hairuhusiwi kuokota makombe, na KWS, shirika la wanyamapori, wanalisimamia hilo. Magamba ya kasa na matumbawe usiyaguse hata ukiuziwa kwa bei ya bure. Kombe nunua kwa muuzaji mwenye kibali na uchukue risiti, kwa sababu mteja wako mgeni anaweza kuulizwa uwanja wa ndege.

Ningependa zaidi uzoee vifuu, ambavyo sokoni Kongowea vinatupwa, na ndara zinazoletwa na bahari. Lile jahazi la Flipflopi lililoundwa Lamu lilifunikwa kwa ndara, na rangi zake zinapendeza kweli. Ndara haishiki gundi nyeupe. Ioshe, ikwaruze, paka gundi ya viatu pande zote mbili, subiri isinate kidoleni, kisha kandamiza mara moja, haisogezeki tena. Kifuu kwaruza nje mpaka nyuzi zote zitoke, kiache kikauke vizuri, ndipo ukikate. Kikiwa kibichi kitajikunja baada ya kubandikwa.

BintiKibokoni

Shukran sana, nimeandika yote. Mama, hiyo ya pasi sijawahi kuisikia popote. Je, rezini? Na ni lazima niiweke?

Tudor_Epoksi

Si lazima, na kwa kazi ya leso mimi ningeiacha. Inaficha uzi, na uzi ndio uzuri wenyewe. Mikono mitatu myembamba ya vanishi ya maji isiyong'aa inatosha kwa picha ya ukutani. Ukiwa na sehemu unayotaka ionekane kama maji ya bahari, mwaga hapo tu.

Ukiamua kuitumia, utando wako wa mafuta unatokana na unyevu wa hewa kuingiliana na kigumishi juu ya uso kabla rezini haijakaza. Usimwage uani wala barazani, wala usiku, wala alfajiri. Mwaga alasiri ndani ya chumba kikavu, madirisha yaliyo upande wa bahari yafungwe, hewa iingie upande mwingine. Alasiri ina faida ya pili: joto linaanza kushuka. Mbao na nguo zina hewa ndani, joto likipanda hewa hiyo hutoka na kukuachia mapovu. Likishuka, inatulia.

Kabla ya kumwaga, ziba leso na ukili kwa mikono miwili ya gundi nyeupe iliyopunguzwa, sehemu tatu gundi kwa moja maji, na iwe imekauka hasa. Weka mgongo wa mkono juu yake. Ukihisi ubaridi kuliko meza iliyo pembeni, maji bado yanatoka, subiri.

Kiasi: 30 kwa 40 kwa unene wa milimita 2 ni mililita 240. Changanya 265 hivi kwa sababu nyingine inabaki kikombeni. Fuata uwiano wa chupa yako, na uangalie kama ni kwa ujazo au kwa uzito, maana si kitu kimoja. Koroga polepole dakika nne ukikwangua kuta na kitako, hamishia kikombe cha pili, koroga tena dakika moja. Isiyochanganyika hubaki kwenye kuta, na ndiyo inayoacha sehemu zinazonata milele. Muda wa kufanyia kazi ulioandikwa kwenye chupa mara nyingi ni wa nchi za baridi. Kwa nyuzi 30 za hapa, hesabu karibu nusu yake, na usiiache kikombeni, inajipasha moto yenyewe. Vaa glavu, watoto wasiwe karibu.

Fundi_wa_Mbao

Ule ukungu wa nyuma: kuta za Mji wa Kale ni za mawe ya matumbawe, zinashika maji. Usiegemeze kazi ukutani. Bandika vipande vinne vya kizibo vya sentimita moja kwenye pembe za nyuma ili hewa ipite. Pete za kuning'inizia ziwe mbili, theluthi moja kutoka juu, za shaba au chuma kisichoshika kutu, na skrubu vilevile. Pini za stepla za kawaida zitaacha doa la kutu kwenye leso kabla ya masika kwisha.

BintiKibokoni

Nina tano ambazo tayari ziko hivyo. Zinaokoleka?

MamaUkili

Zisizo na rezini, ndiyo. Ondoa makombe, weka karatasi ya kuokea, piga pasi juu ya lengelenge, kisha uzito mpaka ipoe. Lisiposhika, gundi haikufika hapo: ingiza kidogo kwa sindano ya hospitali kati ya nyuzi, ikauke, ndipo upige pasi.

Tudor_Epoksi

Zenye rezini, osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni na dodoki gumu. Utando ukitoka, ni wa juu tu: kausha, msasa namba 400, mwaga mkono mwembamba. Usipotoka, weupe uko ndani na hautoki tena.

Fundi_wa_Mbao

Nyuma, futa ukungu kwa kitambaa chenye siki nyeupe, nje ya nyumba, na ufunike pua. Usipige brashi kavu, utausambaza. Anika mgongo juani siku nzima. Ubao ukiwa bado umepinda, lowesha mgongo kwa sponji, uulaze kwenye meza, uso juu, uzito kwenye ncha nne usiku mmoja. Asubuhi gundisha fremu ya inchi moja nyuma, ukiibana kwa jiriwa kila upande, na usiifungue mpaka kesho yake. Kisha ndipo vanishi ya nyuma.