TV za "4K sapoti" Kariakoo: huu ni wizi wa mchana kweupe

Wakuu heshima kwenu. Leo nina hasira, mtanivumilia.

Kuna TV zinauzwa Kariakoo, boksi limeandikwa 4K kwa herufi kubwa kama bango la mgombea, halafu chini yake, kwa herufi za kutafutia miwani, kuna "sapoti". Nimelipa laki sita na nusu kwa ya inchi 43. Dogo wa dukani aliapa: "Kaka, hii ndiyo 4K yenyewe, dabo glasi, smart, unataka nini tena?" Nikapakia kwenye kirikuu, hao Tabata.

Kwenye kingamuzi sikuona shida. Balaa lilianza nilipochomeka laptop kwa waya wa HDMI nimalizie kazi ya watu. Faili la Excel, herufi zimevimba, kingo zina ukungu, 6 na 8 huzitofautishi mpaka usogee. Nikaingia kwenye mipangilio, napandisha, nashusha, hola. Nilipoiweka pikseli (vidoti vinavyounda picha) 1366 kwa 768, herufi zikanyooka palepale, safi kabisa. Nikafungua kitabu cha mwongozo, na ukurasa wa nyuma kabisa nikakuta imeandikwa hivyohivyo: 1366 x 768.

Sasa pigeni hesabu wenyewe. 4K ya TV ni pikseli 3840 kwa upana na 2160 kwa urefu, yaani 8,294,400. Hii ya kwangu ina 1,049,088. Karibu mara nane! Hata Full HD haijafika, maana hiyo ni 1920 kwa 1080, kama milioni mbili hivi. Mimi nimeuziwa HD ya kawaida iliyovalishwa koti.

Hiyo "sapoti" kazi yake ni moja tu: ukiipa video ya 4K inaipokea, inaifungua, halafu inaibana mpaka iingie kwenye vidoti milioni moja ilivyonavyo. Kioo hakiongezeki hata kidoti kimoja. Ukivuta filamu ya 4K kwa intaneti unaweza kuunguza bando hadi GB 7 kwa saa, na unachokiona ni HD.

Nikarudi dukani. Majibu niliyopewa: "Kaka, kaa mbali, mita tatu, utaona safi." Mita tatu nazitoa wapi? Sebule yangu ya kupanga, kutoka kochi hadi TV hazifiki hata mita mbili! Na wenye sebule kama yangu ndio wengi wa wateja wake. Tena ndiyo, ukikaa mbali macho hayazioni pikseli, lakini hiyo si sababu ya kunilipisha bei ya kitu ambacho hakimo ndani ya boksi. Mwingine akadakia kwamba tatizo ni kingamuzi changu. Laptop ina kingamuzi?

Na hapo kwenye kingamuzi ndipo mchezo wote unapojificha. Chaneli nyingi za kawaida tunazotazama zinarushwa kwa ubora wa chini, hazijai hata kioo cha HD. Kwa hiyo taarifa ya habari ikionekana sawa nyumbani kwako na kwa jirani mwenye 4K halisi, unadhani umepatia. Dukani nako wanachomeka flashi yenye samaki, maua na maporomoko ya maji, rangi zimekolezwa mpaka macho yanauma. Unachosifia pale ni rangi na mwanga. Idadi ya pikseli haimo kabisa kwenye mawazo yako, na wanalijua hilo. (Dabo glasi nayo ni kioo cha kukinga mpira wa watoto tu, haihusiani na ung'avu wa picha.)

Kama unaenda kununua wiki hii, beba rula. Sicheki. Mwambie aweke picha nyeupe, weka rula kwenye kioo, sogeza kamera ya simu karibu kabisa upige. Ukikuza hiyo picha utaona kila pikseli ina vijistari vitatu: chekundu, kijani, bluu. Hesabu seti hizo kwenye sentimita moja ya upana. TV ya inchi 43 ina upana wa karibu sentimita 95, kwa hiyo 4K halisi itakupa kama 40, Full HD kama 20, na hii takataka yangu imetoa 14. Muuzaji akianza kukufukuza na rula yako, umeshapata jibu.

Jambo la pili ni risiti. Ya kwangu ya EFD (mashine ya kodi) imeandikwa "TV 43" basi, na ndiyo anayoning'ang'anizia sasa: "Wapi imeandikwa 4K?" Mwambie aandike 3840 x 2160 kabla hujatoa hela. Akikataa, toka.

Na wale mtakaokuja na "rahisi ni ghali", tulieni kidogo. Sina ugomvi na HD. Kwa inchi 32 HD inatosha kabisa, hata mama yangu nitamnunulia. Ila iandikwe HD na iuzwe kwa bei ya HD. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja kuhusu bidhaa, na FCC (Tume ya Ushindani) ndio wasimamizi wake. Boksi, mwongozo na picha za rula ninavyo, nitavipeleka.

Ninachoomba kwenu: kuna aliyewahi kurudishiwa hela kwa kesi kama hii? Ulianzia FCC, polisi, au ulimalizana na mwenye duka kibishi? Na wenye maduka mliomo humu, jibuni bila kunitumia namba ya "bosi" inbox.

Nyongeza: mnaouliza jina la duka, sitaji mpaka suala lifike mbele. Mnaouliza kama naiuza hiyo TV, ndiyo, na nitaiandika HD.