Chaji inashuka gari ikiwa sailensi: alteneta kubwa, kufufua hii hii au puli ndogo?

mwendo_pole
Wakuu habari zenu. Nina gari ya kizamani, bado kabureta, alteneta (ile inayochaji betri) ampea 55. Ikiwa sailensi, mguu nje ya mafuta, mita kwenye betri inasoma volti 13.4, nikiwasha taa kubwa na feni ya ndani inashuka mpaka 12.5 na taa zinafifia kabisa, nikikanyaga hadi RPM 2000 inapanda 13.5 taa zinarudi. Nimeambiwa nifunge alteneta ya ampea 90, au nifufue hii kwa kubadili kaboni (zile zinazogusa rota ndani) na regyuleta (inayodhibiti volti), au nitafute puli ndogo ili alteneta izunguke haraka zaidi. Nianze na ipi?

kaboni_mpya
Fufua hiyo hiyo mkuu. Kaboni zikiisha hazigusi vizuri, chaji inayumba. Pima na dayodi (zinazogeuza AC ya alteneta kuwa DC), mita weka AC pale kwenye betri gari ikiwaka, ikizidi nusu volti hivi jua kuna dayodi imekufa na kaboni mpya hazitasaidia kitu.

ampea_nyingi
Mi nilifunga kubwa na sijutii, ila hiyo 90 ni ya mzunguko mkubwa, zipo ambazo kwenye sailensi zinatoa karibu sawa na yako, so uliza inatoa ngapi ikizunguka polepole. Waya wa chaji nao uwe mnene, wa zamani utachemka. Puli ndogo siipendi, alteneta inazungushwa mbio muda wote hata ukiwa spidi ambako huihitaji, halafu mkanda unashika eneo dogo unaanza kuteleza.

msasa_kwanza
Jamani ngojeni kidogo, someni namba zake. RPM 2000 ilitakiwa ifike 14 hivi, yeye kaishia 13.5. Kwa hiyo sio sailensi peke yake, ama volti zinapotea njiani ama alteneta imechoka, na bila kupima hujui ni ipi. Washa gari na taa, ncha moja ya mita kwenye skrubu ya chaji ya alteneta, nyingine chanya ya betri, isizidi 0.2 au 0.3. Rudia kwa bodi ya alteneta na hasi ya betri, hapo isizidi 0.2. Mkanda pia uangalie kama umelegea au unang'aa. Na tafadhali sana usichomoe betri gari ikiwaka eti unajaribu alteneta, volti zinaruka ghafla zinaua dayodi na regyuleta, nimeshuhudia.

mwendo_pole
Nimepima. Chanya 0.1, ethi (upande wa hasi) 0.6! Ule waya wa kutoka injini kwenda bodi umeliwa na kutu, nyuzi zimebaki chache tu. Nimepiga msasa sehemu zote mbili nimefunga mpya mnene. Sasa sailensi na taa na feni 13.0, RPM 2000 inasoma 14.0.

ampea_nyingi
Aisee, basi hiyo 90 achana nayo. Sailensi yako RPM ngapi?

mwendo_pole
620. Kitabu cha gari kinasema 750.

msasa_kwanza
Pandisha kwa skrubu ya kabureta injini ikiwa ya moto, usizidishe hiyo 750.

mwendo_pole
Tayari, 13.3 taa na feni vyote vikiwaka. Asanteni sana wakuu. Wikiendi nafungua alteneta nione kaboni zimebaki urefu gani.