Nataka kujenga kiti cha rubani cha kuchezea gemu za anga za juu, fundi anaanza kukata chuma Jumamosi

Rubani wa Tabata

Wakuu habari za jioni, naomba mawazo yenu kabla sijamwaga hela.

Mimi nacheza Elite Dangerous, ile gemu ya kuendesha chombo angani yenye galaksi nzima ndani yake. Nachezea kwenye kiti cha plastiki, hivi viti vya misibani, joistiki yangu ni T.16000M ya mtumba nimeibandika mezani kwa solotepu na throto, kile kishikio cha mwendo, naipakata mapajani kama mtoto. Sasa mwezi uliopita nikajitia kidume nikaanza safari ya kwenda Sagittarius A*, kule katikati kabisa, ni kama miaka ya nuru 25,900 kutoka kwenye jua letu na chombo changu kinaruka 38 tu kwa mruko mmoja, piga hesabu mwenyewe. Nimefika mruko wa mia mbili na kitu mgongo umegoma. Wife anasema nikiinuka natembea kama mzee anayetoka kupiga foleni ya pensheni.

Kwa hiyo nimeamua. Nimeshapata siti ya mbele ya Vitz kwa jamaa wa vifaa chakavu, iko na reli zake na bado inalala vizuri. Fremu nataka skwea paipu ya 40 kwa 40, upana sentimita 80, urefu mita moja na nusu, siti ilale nyuma digrii 30 kama ile ya ndege ya kivita F-16, joistiki ikae katikati ya miguu, throto kushoto. Fundi wangu wa mageti atachomelea kila kitu kiwe kipande kimoja imara, anaanza Jumamosi asubuhi.

Ninachotaka kujua, chuma cha milimita 1.5 kinatosha au niende 2? Na joistiki kweli ikae katikati au pembeni? Alafu nimeona watu wana kisanduku cha batani na swichi pembeni, zile za kuwasha taa, kushusha miguu ya chombo nk, vile vinatengenezwaje kwa mtu asiyejua umeme sana? Mfukoni nimebaki na kama laki mbili na nusu.

Mzee wa Spana

Mkuu hongera kwa kuthubutu, ila nianze na hiyo siti kabla hujaigusa. Angalia chini yake kama kuna waya zinazoishia kwenye plagi ya NJANO. Kama ipo basi hiyo siti ina eabegi ya ubavuni, na hiyo kitu ina baruti ndani sio hewa ya pampu. Usiipime na mita, usiiunganishe na betri kujaribu "kama inafanya kazi", usiipitishie moto wa kuchomelea karibu. Hata kile kishikio cha mkanda kwenye baadhi ya magari kina kibaruti chake cha kukaza mkanda. Tafuta fundi anayejua aitoe, au mrudishie jamaa akupe siti isiyo nayo. Nimemuona kijana anakata siti kwa grainda na plagi ya njano inaning'inia hapo, nikahama mtaa kwanza.

Chuma 1.5 kinatosha kubeba watu wawili kama wewe. Faida ya 2 ni kwamba fundi wa mageti hatatoboa matundu akichomelea, basi. Kinachotikisika kwenye hizi kitu sio fremu, ni ule mkono ulioshika joistiki. Ukiutoa mkono sentimita 30 kutoka kwenye nguzo bila mshazari hata ukiweka reli ya treni utacheza tu, kila ukivuta stiki na mkono mzima unakuja. Weka kipande cha mshazari chini yake, pembetatu, mchezo umeisha.

Sasa digrii 30. F-16 kweli ni 30, ila yule jamaa amelazwa pale kwa sababu ya G, akikata kona anabanwa mara nane tisa ya uzito wake. Wewe hapo Tabata G unayoipata ni moja tu, ile ya kila siku. Ukilala 30 halafu skrini iko usawa wa meza utakuwa umekunja shingo mbele masaa manne, utatoka kwenye maumivu ya mgongo uingie ya shingo. Ama upandishe skrini ukutani na kuiinamisha, ama ulale kidogo tu. Na kwa nini uamue leo? Siti ina kilalio chake tayari, acha ile kazi yake.

Kabla ya Jumamosi fanya hivi. Weka siti sakafuni, panga matofali mpaka ifike kimo unachotaka, kaa, FUMBA MACHO, weka mikono pale inapotaka kukaa yenyewe. Mtu apime kutoka sakafuni mpaka chini ya viganja. Alafu chukua maboksi ya katoni tengeneza mikono ya bandia kwa vipimo hivyo ucheze nayo siku mbili. Katoni ni bure, chuma ukishakata umekata.

bwashee2000

si ununue tu kiti cha ofisi jamani

Rubani wa Tabata

@bwashee2000 kiti cha ofisi kina matairi, nikikanyaga pedali narudi nyuma mpaka jikoni 😂

@Mzee wa Spana plagi ya njano IPO. Nimeangalia sa hivi kwa tochi. Daah, asante sana, na jana nilikuwa nataka kuikata hiyo waya kwa koleo. Kesho nairudisha.

Rubani wa Kisauni

Kaka wa Tabata salama? Mimi naandika kutoka Mombasa, nina kiti changu mwaka wa tatu sasa kwa hivyo nishakosea makosa yote ambayo wewe unataka kukosea.

Joistiki usiiweke katikati. Katikati ni ya ndege, na hata hiyo F-16 uliyoitaja stiki yake iko kulia. Ukiingia ndani ya gemu lenyewe ukiinamisha kichwa utaona mikono ya rubani, mmoja throto kushoto mwengine stiki kulia, juu ya vishikio vya kiti. Ukipanga hivyo hivyo ubongo wako unaacha kubishana na macho. Halafu ukiweka katikati kila ukitaka kushuka kwenda msalani uipande kama baiskeli.

Lakini mimi ningekwambia uende mbele zaidi, tupa throto kabisa uweke stiki MBILI. Chombo cha angani si gari. Kinapinduka namna tatu na kinasogea namna tatu, mbele nyuma, kushoto kulia, juu chini. Throto inakupa mbele nyuma tu, hizo zengine unahangaika na vibatani vya dole gumba. Wale wa Apollo walioenda mwezini walifanyaje? Mkono wa kushoto wa kusogeza, mkono wa kulia wa kugeuza. Soyuz, chombo cha Warusi, nayo vivyo hivyo mpaka leo. Uzuri wa hiyo T.16000M yako ni kuwa inageuzwa ya mkono wa kushoto, vile vipande vya kiganja vinafunguka na kuna kiswichi chake, kwa hivyo ukipata ya pili ya mtumba unayo seti kamili. Wiki ya kwanza utagonga kila kituo utakachoingia, sikudanganyi, nilikuwa natia chombo kwenye mlango wa stesheni kama mtu anayetia uzi kwenye sindano gizani. Wiki ya pili mkono unashika na huwezi kurudi tena.

Na jambo la T.16000M za mtumba, mhimili wa mbele nyuma na kushoto kulia unatumia sensa za sumaku, hizo hazichoki. Ule wa kuzungusha shina ndio wenye kipande cha kusuguana cha kizamani, vumbi likiingia chombo kinajigeuza chenyewe. Ikikufanyia hivyo usiitupe, ifungue uipulizie ile dawa ya kusafishia vifaa vya umeme, uzungushe mara ishirini thelathini, inarudi.

Mgongo wako je? Siti ya gari ni nzuri ila imetengenezwa kwa mtu aliyenyoosha miguu mbele. Wewe ukiinua magoti juu kuliko nyonga kiuno kinapinda. Jamaa za Soyuz kila mmoja anatengenezewa kilalio chake, wanamlaza kwenye plasta wanachukua umbo la mgongo wake. Sisi tuna sponji la godoro. Mimi nilichukua kipande kigumu, si lile laini la kubonyea, nikampa fundi makochi akanikatia kikae kwenye ule uwazi wa kiuno, akalivika rekisini. Ndicho kitu nilichotumia pesa kidogo zaidi na ndicho kilichonipa raha zaidi.

Dada Volti

Nijibu la batani maana naona wanaume wamezama kwenye chuma.

Kaka unahitaji kaboodi kadogo ka kuunganishia batani na kompyuta, kanaitwa Pro Micro, au Leonardo. Usiuziwe Uno, muuzaji atakwambia ni sawa tu "zote Arduino". Sio sawa. Hizo mbili za kwanza zina chipu ya ATmega32u4 inayoongea na USB yenyewe, kompyuta inaiona kama joistiki moja kwa moja. Uno hizi za kawaida mpaka uzifanyie ujanja ujanja.

Programu yake ipo bure na imeshaandikwa, wewe unabadilisha namba tu. Batani unazipanga kama jedwali, mistari minne na safu nne, waya nane tu zinaenda kwenye boodi unapata batani 16. Ila kila batani iwekee dayodi yake moja, kile kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu, 1N4148, zile ndogo za kioo zenye mstari mweusi, zote zielekee upande mmoja. Hizi ni za bei ya pipi. Mimi la kwanza nilizipuuza. Bila dayodi, batani tatu zikiwa zimewashwa kwenye kona tatu za lile jedwali, ya kona ya nne inajiwasha yenyewe, mzimu kabisa. Nilikuwa na swichi mbili za kukaa zimewashwa muda wote, taa na nyingine sikumbuki, nikabonyeza ya kushusha miguu nitue. Kona ya nne nilikuwa nimeweka kutupa mizigo yote. Tani 64. Nimekaa naangalia makasha yanaelea mbele ya stesheni huku natozwa faini ya kuchafua mazingira.

Na hizo swichi za kukaa juu au chini ni tamu kuangalia ila zina shida yake. Gemu inahesabu mbonyezo tu, haijui swichi yako iko upande gani, ukifa ukafufuka swichi inasema miguu iko chini kumbe iko juu. Chukua zinazorudi katikati zenyewe. Mimi nilienda maduka ya spea za bodaboda, kuna swichi za taa, honi, kile kitufe chekundu cha kuzimia injini, ngumu, haziingizi jasho, na ukitumia miwani ya VR unazijua kwa kugusa maana kila moja ina umbo lake. Ukiongelea VR nunua na feni kabisa, joto la Dar hilo na lile dude usoni utakamuliwa.

La mwisho, stiki mbili na kisanduku na pedali usizichomeke kwenye kigawio cha USB kisicho na umeme wake. Vitapotea katikati ya mchezo. Na ukiwasha gemu kifaa kimoja hakipo inaweza kukurudishia mpangilio wa kiwandani, kazi ya siku nzima imekwenda. Folda ya Bindings, yenye huo mpangilio wako, iko ndani ya Options ya gemu kwenye AppData, nakili uiweke kwenye flashi.

Rubani wa Tabata

Dada Volti faini ya kuchafua mazingira nimecheka peke yangu kwenye daladala.

Basi mpango umebadilika: siti isiyo na eabegi, stiki pembeni, katoni kwanza, mishazari kwenye mikono. Stiki mbili nitangoja mwisho wa mwezi. Fundi bado ni Jumamosi na mchoro ni ule ule wa sentimita 80, kipande kimoja.

Mzee wa Spana

Kipande kimoja?? Mkuu unakaa nyumba ya kupanga?

Nikupe yangu. Nilichomelea fremu nzuri, nikapiga msasa, nikapaka rangi nyeusi, ikakauka, nikaita vijana wawili tuingize ndani. Mlangoni ikagoma. Tukailaza ubavu, ikaingia nusu, ikakutana na kona ya korido. Nilikaa barazani na chombo changu cha angani siku tatu, majirani wanapita "mzee hiyo ni ya saluni?". Mwisho nikaikata katikati na grainda, rangi yote nyang'anyang'a, nikaunga upya kwa bolti za 10 na pleti.

Mwambie fundi vipande vinne: kitako cha siti, sehemu ya mbele ya pedali, na mikono miwili ya pembeni ya kupanda na kushuka kwenye tundu, skwea paipu ndogo ndani ya kubwa na bolti ya kubana. Hapo hata shemeji yako akitaka kujaribu unarekebisha. Na chini ya miguu weka vipande vya tairi, nenda kwa fundi wa katambuga atakukatia vinne, ukija kufunga spika ya besi chini ya siti kama sisi majirani hawatapiga hodi saa saba usiku.

Umepima mlango lakini?

Rubani wa Tabata

Nimetoka kuupima. 71. Na wa chumbani ni 68.

Ngoja nimpigie fundi, hizi ni saa nne usiku ila atanisamehe.