Tupeane uzoefu: Refa na uwanja vilivyokutoa machozi enzi za UMISSETA (mashindano ya michezo ya shule za sekondari Tanzania)

Winga wa Kushoto
Wakuu, salamu. Juzi mwanangu wa kidato cha pili karudi nyumbani macho mekundu. Mechi ya kata, amefunga, yeye anaapa mpira umepita ndani ya nguzo, refa kasema umepita nje. Goli halina nyavu, kwa hiyo mpira ukishapita umepita, unaenda kuokotwa kwenye mihogo huko na kila mtu anabaki na alichokiona. Nikamsikiliza, nikajikuta nimerudi shuleni. Sisi hata mtambaa panya hatukuwa nao, ilikuwa kamba ya katani imefungwa kwenye milingoti miwili ya mkaratusi. Shuti likigonga kamba, kamba inanyanyuka, mpira unapita. Haya, umepita chini au juu? Nusu fainali tulitolewa kwa kamba ile. Mliocheza, mliochezesha, mlioshangilia, lipi linakuuma mpaka leo?

Babu Kona
Kamba! Umenikumbusha mbali. Na kipa mjanja alikuwa anaivuta chini refa akigeuka.

Kipa Mstaafu
Ngoja niseme yangu, sijawahi kuiandika popote.

Robo fainali ya wilaya, mwezi wa tano, masika hayajakatika. Ndiyo shida yetu hiyo: taifa inachezwa mwezi wa sita, kwa hiyo kata na wilaya zinabanwa humo humo kwenye mvua. Uwanja uko bondeni, na mbele ya goli la kusini kuna dimbwi la kuogea bata. Mistari ilichorwa asubuhi kwa majivu, mpaka mapumziko imeshaoshwa yote. Tunaongoza moja bila. Mwalimu wetu ananionyesha vidole vinne, yaani zimebaki dakika nne.

Ukapigwa mpira mrefu kutoka kwao. Nikausubiri udunde unijie, ukazama pale pale kwenye dimbwi, hatua tatu mbele yangu. Nikajirusha. Nikaukandamiza kwa mkono wa kushoto, maji yananiingia puani. Nausikia mpira chini ya kiganja, wa baridi, ngozi imebanduka upande mmoja. Ndipo njumu ikatua juu ya vidole. Mpira ukanitoka, ukaburuzika polepole ndani.

Refa yuko wapi? Karibu na mstari wa kati, pembeni, kwenye nyasi kavu, kavaa viatu vyake vya kuingilia darasani. Akapuliza, akaonyesha kati. Mshika kibendera alikuwa mwanafunzi wa shule wenyeji, timu ile ile iliyofunga. Yule kijana aliona. Alinitazama usoni, akawatazama wenzake, akashusha kibendera, akakimbilia katikati.

Kipa wa akiba alibaki bwenini na malaria. Nikafungwa kidole kwa kipande cha rula na ukanda wa kitenge cha mama mmoja muuza maandazi, nikaenda kusimama kwenye matuta. Nilidaka moja kwa mkono wa kulia. Tukatoka 4–3. Kwenye Fuso kurudi shule hakuna aliyeimba, na nyinyi mnajua Fuso la UMISSETA linavyokuwa. Siku ya ndoa yangu pete iligoma kwenye fundo la kidole kile, nikavishwa kidole cha pembeni yake.

Mangi Mdogo
Pole sana mkuu. Nimesoma mara mbili.

Namba Tisa
Pole kaka. Ila na sisi washambuliaji mtuelewe. Mpira uko ndani ya maji ya matope, kipa kaja na mikono, mimi nimekuja na mguu, nitajuaje kama ameshaushika? Nikisita, benchi zima linanitukana. Goli la namna hiyo nimefunga na sioni kama niliiba.

Kipa Mstaafu
Uliona mkono wa mwenzio ukiwa juu ya mpira au hukuuona? Jibu hilo tu.

Namba Tisa
Niliona maji.

Mwalimu Filimbi
Nimechezesha mechi za shule miaka kumi na mbili, niweke sheria mezani. Kipa akiwa na mpira kati ya mkono na ardhi, anahesabiwa ameumiliki, hata kama ni mkono mmoja. Mpinzani haruhusiwi kuugombea tena. Kipa Mstaafu alistahili adhabu ndogo kwenda kwao, na kadi juu. Ila refa akishaonyesha goli na mchezo ukaanzishwa katikati, hana tena mamlaka ya kurudi nyuma. Kwa hiyo kosa halikuwa kwenye filimbi peke yake. Lilikuwa kwenye miguu, hakuwepo eneo la tukio.

Babu Kona
Mwalimu, na yule kijana wa kibendera je? Unampaje mtoto wa miaka kumi na saba kazi ya kuikatalia shule yake goli, halafu jioni akalale naye bweni moja na mfungaji?

Mwalimu Filimbi
Hapo huna wa kubishana nawe. Sisi tulikuwa tunagawana: mwalimu wa shule isiyocheza siku hiyo anashika filimbi, na vibendera hivyo hivyo. Walimu wakipungua, wanachukuliwa wanafunzi. Malipo ni soda na nauli, na nauli yenyewe wakati mwingine inakuja wiki ijayo.

Mzee wa Eldoret
Jirani zenu wa Kenya tupo. Huku mpira wa miguu ni muhula wa pili, lakini viwanja ni ndugu. Cha kwetu kiliteremka kiasi kwamba kipa wa chini haoni miguu ya kipa wa juu, anaona kuanzia kiunoni. Ushauri wangu: ukishinda toss, kipindi cha kwanza cheza kuteremka, ufunge mapema, maana mvua ikija saa kumi mchezo umeisha.

Mangi Mdogo
Hapana mzee. Kipindi cha kwanza panda, cha pili teremka wenzako wamechoka. Wanaopandisha kipindi cha pili huwa wanatapika.

Mzee wa Eldoret
Na mvua ikikatiza mechi mkiwa hamjateremka bado?

Dada Beki Tatu
Nyinyi mna bahati mlipewa uwanja. Timu yetu ya wasichana tulikuwa tunapangiwa saa saba mchana, jua la utosini, peku nusu ya timu kwa sababu njumu wamevaa kaka zetu. Mechi ya kugombea kwenda mkoani, refa kapuliza mapumziko nikajua nimesikia vibaya. Dakika ishirini! Tumeuliza, tumeambiwa wavulana wanasubiri uwanja. Tulikuwa nyuma kwa goli moja na tunawashambulia kama nyuki. Kipindi cha pili nacho ishirini. Nahodha wetu alikaa chini katikati ya duara, akakataa kutoka mpaka mwalimu wa kike akaja kumshika mkono.

Mkongwe 88
Tuseme ukweli, mechi za wasichana zamani zilikuwa za kujazia ratiba. Wengi mlikuwa netiboli.

Dada Beki Tatu
Mkongwe, tulifanya mazoezi saa kumi na moja alfajiri kabla ya kuchota maji. Usiniambie ratiba.

Mwalimu Filimbi
Muda wa kipindi unaweza kupunguzwa, lakini pande zote zikubaliane kabla mpira haujaanza, na kanuni za mashindano ziruhusu. Katikati ya mechi, haiwezekani. Dada uko sahihi mia kwa mia.

Na kwa kuwa mmeniuliza sana ya marefa, nami niwape langu. Fainali ya tarafa. Timu ya wageni Fuso lilikwama kwenye tope, wakafika saa kumi na moja kasoro. Tukaanza hivyo hivyo. Wenyeji wanaongoza 2–1, zimebaki dakika nane, wingu limefunga. Radi ya kwanza ikapiga mbali. Ya pili nikaisikia kwenye meno, na filimbi ilikuwa ya chuma. Nikaangalia pembeni, watoto wa shule ya msingi kama mia wamejibanza chini ya mwembe. Nikapuliza, nikakimbilia kwenye mwembe, nikawa nawatoa watoto kwa kuwavuta mashati.

Watu wakaelewa kwamba nimevunja mechi kuwaokoa wageni. Mawe yakaanza. Mwalimu mkuu akanisukuma stoo ya majembe, akafunga kwa nje na kofuli. Nilikaa humo na mpira wa mechi kwapani mpaka saa nne usiku, nasikia wanapita wananitaja jina. Mechi ilirudiwa baada ya siku tatu, wenyeji wakafungwa 1–0. Mechi iliyovunjika inarudiwa, labda waandaaji waamue vingine. Yule kipa wao sasa ni dereva wa daladala. Nikipanda gari lake hapokei nauli yangu, wala hanisalimu.

Namba Tisa
Tarafa gani hiyo mwalimu? Nahisi nilikuwepo.

Mwalimu Filimbi
Jina silitaji. Bado naishi huku.

Mkongwe 88
Ungesubiri nusu saa radi zipite, ukamalizia zile nane.

Mwalimu Filimbi
Saa kumi na mbili na nusu jioni, uwanja hauna taa, wingu zito. Ningemalizia na tochi?

Babu Kona
Mkongwe, leo umeamka na nani? Watoto mia chini ya mwembe, wewe unahesabu dakika nane.

Mkongwe 88
Sawa, kwenye radi nimekosea. Kwenye netiboli sijakosea.

Dada Beki Tatu
Umekosea kote.

Mtoto wa Mtwara
Mimi nilifika taifa, 2019, tulipochezea Mtwara. Siku ya kwanza kuona nyavu kwenye goli nilisimama nikazishika. Nikasema kumbe mpira ukiingia unabaki humo humo. Mwaka uliofuata Korona, shule zikafungwa, hakuna mashindano, na mimi nikamaliza.

Mangi Mdogo
Kuhusu madimbwi: asubuhi ya mechi toboa kwa mtaimbo, maji yanashuka yenyewe.

Babu Kona
Ukitoboa kwa mtaimbo umetega mitego ya vifundo. Mwaga mchanga wa mtoni, ndoo kumi, halafu reki.

Namba Tisa
Maranda ya fundi seremala yanakunywa maji kuliko mchanga. Na mistari chora kwa chokaa, majivu hayahimili hata manyunyu.

Babu Kona
Chokaa ipi? Ile ya kupakia ukuta ikikuingia machoni utaijua.

Mzee wa Eldoret
Kwa nyavu, watu wa ziwani wana nyavu kuukuu za sangara. Ukifunga vizuri nyuma, hakuna ubishi wa ndani au nje.

Winga wa Kushoto
Mzee, hilo nimelichukua. Jumamosi shule ya mwanangu wanarudi uwanja ule ule. Nimeongea na mwalimu wa michezo, kasema nikileta nyavu atanipa vijana wa kufunga. Kwa walio Mwanza au Musoma, mwenye nyavu kuukuu aniambie bei na basi la kupakizia. Mita nane kwa tatu zinatosha goli moja, nahitaji mbili.

Kipa Mstaafu
Niko Musoma. Kesho asubuhi naenda mwaloni, kwa wavuvi. Na mwambie mwalimu atafute vibendera kutoka shule isiyocheza.