Tour du Rwanda au Tour de France: nikatazame wapi mbio za milimani?

Mkazi wa Kijitonyama
Wakuu, habari za jioni. Nimefuatilia mbio za baiskeli za hatua kwa hatua, zile ambazo kila siku hukimbiwa kipande kimoja na muda wa siku zote hujumlishwa, kwenye king'amuzi kwa miaka mingi, na sasa nimeamua kwenda kuziona kwa macho yangu, hasa siku zile ambazo msafara unapanda milima. Nasita kati ya Tour du Rwanda ya Februari na Tour de France ya Julai. Mwajiri anataka tarehe za likizo kabla ya mwisho wa mwezi huu, kwa hiyo naomba ushauri wenu: ipi inamfaa zaidi mtazamaji?

Fundi Spoku
Mleta mada, umeacha mambo ya msingi. Bajeti yako ni kiasi gani? Unasafiri peke yako au na familia? Pasipoti unayo? Je, unakwenda kutazama tu, au utabeba baiskeli ili uipande hiyo milima mwenyewe? Usipojibu hayo, kila mtu hapa atakushauri kwa kuangalia mfuko wake.

Dada wa Tabata
Nami naomba kujua likizo ni ya siku ngapi. Tour du Rwanda huchukua takribani wiki moja, na karibu kila siku kuna kupanda. Tour de France ina hatua 21 ndani ya siku 23, na hatua nyingi kati ya hizo hupita tambarare au vilima vya kawaida. Njia yake hubadilika kila mwaka na hutangazwa mwezi Oktoba, kwa hiyo mlima unaoutamani, uwe Alpe d'Huez au Mont Ventoux, huenda mwaka huo usiwemo kabisa. Usikate tiketi ya ndege kabla ya kuiona ramani.

Abiria wa Rusumo
Nenda Kigali, ndugu yangu. Sisi ni raia wa Afrika Mashariki, hatuombi viza. Basi unalipanda Mbezi, unapita Dodoma, unashuka mlima Sekenke, unapita Nzega na Kahama mpaka mpakani Rusumo. Safari ni ndefu na inachosha, lakini mwenye haraka anaweza kupanda ndege.

Lililo kubwa kuliko gharama ni namna utakavyoziona mbio zenyewe. Hatua za Kigali mara nyingi hukimbiwa kwa mizunguko, kwa hiyo mtu akisimama mahali pamoja anawaona waendeshaji wakipita tena na tena. Simama Kwa Mutwe pale Nyamirambo, kwenye kile kipande cha barabara ya mawe chenye urefu wa takribani mita 400 na mwinuko wa wastani wa asilimia 11, mbio zinapopangwa kupita hapo. Utaona nani anapanda akiwa ameketi ametulia na nani anayumba kwa kukosa nguvu, na kundi likirudi tena utaona limepungua. Mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani ya Septemba 2025, ya kwanza ya aina hiyo kufanyika Afrika, yalipita hapo pia. Wanaume walikimbia kilomita 267.5, Tadej Pogačar akashinda, na waliofika mwisho walikuwa 30 tu. Vilima vya Kigali ni vifupi, ila havimpi mtu nafasi ya kupumua.

Shabiki wa Galibier
Ninaheshimu maoni ya Abiria, lakini mita 400 haziwezi kulinganishwa na mlima wenyewe. Alpe d'Huez ina kilomita 13.8 za kupanda, kona kali 21 na mwinuko wa wastani unaokaribia asilimia 8, na Galibier inafika mita 2,642 juu ya usawa wa bahari. Kwenye tambarare anayekaa nyuma ya mwenzake anakingwa na upepo na kuokoa nguvu nyingi. Mlimani mwendo unapungua, kinga ile inapungua nayo, na kila mmoja anabaki na uzito wake. Hapo timu ya kiongozi inaisha mtu mmoja mmoja, mpaka wanabaki wawili au watatu wanaotazamana usoni. Haya yanapotokea katika wiki ya tatu, kwa miili iliyokwisha kuchoka, ndipo mbio za hatua zinaonyesha maana yake. Mbio za wiki moja haziwezi kukupa hilo.

Mwalimu wa Kimara
Mimi nimesimama kwenye mlima wa Tour de France, na ningependa mleta mada ajue yaliyonipata kabla hajatoa fedha. Wakala wa safari aliniuzia kifurushi cha hatua moja ya milimani kwa maelezo kwamba hoteli iko karibu na barabara ya mbio. Nilipofika nilikuta hoteli ipo mji mwingine, na asubuhi ya mbio barabara ya kupanda ilikuwa imeshafungwa kwa magari. Nikapanda kwa miguu, jua kali, maji yakaniishia njiani. Mchana wingu likashuka, mvua ikanyesha, na baridi ya kule juu ikanikuta nimevaa fulana ya mikono mifupi, nguo ya mtu aliyetoka Dar es Salaam akidhani Julai ya Ulaya ni joto tupu. Msafara wa magari ya matangazo ulipita ukirusha kofia na pipi, kisha tukasubiri tena. Viongozi walipita mbele yangu kwa muda mfupi mno, na wengine wakafuata vipande vipande kwa zaidi ya nusu saa. Kushuka ndiko kulikoniumiza zaidi: umati wote ulishuka kwa pamoja, basi la mwisho likaniacha, nikakesha kituoni. Wakala hakurudisha hata senti, wala hakujibu barua pepe zangu.

Shabiki wa Galibier
Pole sana Mwalimu, lakini kosa hilo ni la wakala. Anayepanga chumba chake mwenyewe na kubeba koti la mvua ataifurahia siku hiyo.

Dada wa Tabata
Mvua haichagui bara. Mwaka 2025 hatua ya mwisho ya Tour du Rwanda ilisimamishwa kwa ajili ya mvua kubwa, na ushindi wa jumla ukabaki kwa Fabien Doubey. Anayekwenda Kigali asipange kuona siku ya Jumapili ya mwisho peke yake.

Fundi Spoku
Kuna jambo mnalipita. Rwanda ndiko utakakowaona vijana wetu wakishindania ushindi. Waeritrea wameshatwaa taji hilo mara kadhaa: Merhawi Kudus mwaka 2019, Natnael Tesfatsion mwaka 2020 na 2022, Henok Mulubrhan mwaka 2023. Ufaransa utawatafuta ndani ya kundi kwa darubini.

Shabiki wa Galibier
Si kweli. Mweritrea Biniam Girmay alishinda hatua tatu Ufaransa mwaka 2024 na akarudi na fulana ya kijani.

Fundi Spoku
Fulana ya kijani ni ya pointi, na Girmay alizipata zaidi kwa kasi ya mwisho. Mada hii inahusu milima.

Shabiki wa Galibier
Basi mkumbuke Mweritrea mwingine, Daniel Teklehaimanot, aliyevaa huko huko Ufaransa fulana ya mfalme wa milima, yaani ya anayeongoza kwa pointi za kupanda, mwaka 2015.

Abiria wa Rusumo
Mimi linaloniuma ni kwamba tunabishana kuhusu milima ya wenzetu ilhali barabara ya Mombo kwenda Lushoto ipo, ina lami, kona na mwinuko wa kutosha, na Kitonga nayo ipo.

Mwalimu wa Kimara
Kitonga hapana. Yale malori ya kwenda Tunduma utayasimamisha wapi kwa saa tano? Lushoto nakubali.

Mkazi wa Kijitonyama
Nawashukuru wote. Likizo yangu ni ya siku 14, pasipoti ninayo, na nitasafiri na mke wangu, ambaye hapendi safari ndefu za basi. Viza ya Ulaya sijawahi kuomba. Na ndiyo, ningependa kubeba baiskeli.

Dada wa Tabata
Ungeyasema hayo mapema! Viza ya Schengen, ndiyo ya kuingilia Ufaransa, ni euro 90 kwa kila mtu mzima, na mnahitaji bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Maombi hayapokelewi mapema kuliko miezi 6 kabla ya safari. Zidisha mara mbili, kisha mkae na shemeji mzungumze.

Fundi Spoku
Baiskeli yenyewe ni ya aina gani? Gia yako kubwa ya nyuma ina meno mangapi? Kama ni 25, ibadilishe kabla ya kwenda kokote kati ya huko.