Tupeane uzoefu: Mafaili kusafiri polepole kati ya kompyuta za nyumbani hapa Tanga

Mwanzisha mada, Chumbageni

Ndugu zangu wa Tanga, habari za wakati huu. Naomba tukusanye uzoefu wetu kuhusu tatizo ambalo nimelikuta katika nyumba nyingi za watu wanaofanyia kazi nyumbani: kompyuta mbili zimeunganishwa kwenye ruta moja, lakini kuhamisha faili kutoka moja kwenda nyingine kunachukua muda mrefu kuliko kulibeba kwenye flashi. Wengi hukimbilia kuongeza bando la intaneti, na fedha hiyo hupotea bure, kwa sababu faili linalotoka kompyuta ya sebuleni kwenda ya chumbani haliendi intaneti hata kidogo. Linafika kwenye ruta na kugeukia hapo hapo. Chomoa waya unaoleta intaneti, na faili litaendelea kusafiri kama kawaida.

Ninaomba kila anayechangia ataje kasi aliyoiona wakati wa kunakili, kisha aeleze chanzo kilichopatikana. Tuwe makini na vipimo: dirisha la kunakili huonyesha megabaiti kwa sekunde, ilhali ruta, swichi (kisanduku cha kuunganisha nyaya za mtandao) na kadi za mtandao huuzwa kwa megabiti, na baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo chombo cha megabiti 100 hakiwezi kuvuka megabaiti 12.5, na kwa matumizi halisi hubaki 11 hivi.

Mpiga video, Makorora

Mimi narekodi na kuhariri video za harusi. Harusi moja kubwa hunipa gigabaiti 60 hivi, ambazo lazima zitoke kwenye kompyuta ya kuhariria ziende kwenye kompyuta ya akiba, na kazi hiyo ilikuwa inakula saa moja na nusu. Kasi ilikuwa 11.2 tangu mwanzo hadi mwisho, haipandi wala haishuki. Utulivu huo ndio uliomfanya fundi aniambie, kabla hajagusa chochote, kwamba diski haihusiki, kwani diski iliyochoka kasi yake huyumba, bali kuna mahali njia imefungwa kwenye megabiti 100.

Mahali penyewe palikuwa kwenye ruta. Kompyuta zangu zote mbili zina kadi za megabiti 1000, lakini matundu ya ruta yalikuwa ya megabiti 100. Fundi hakuninunulisha ruta nyingine. Aliweka swichi ndogo ya matundu 5 ya megabiti 1000, akachomeka kompyuta zote humo, na waya mmoja tu ukatoka kwenye swichi kwenda kwenye ruta kwa ajili ya intaneti. Mafaili sasa hayapiti tena kwenye ruta. Naona kasi ya 108 hadi 112, na zile gigabaiti 60 huisha kwa dakika tisa au kumi.

Fundi wa mitandao, Ngamiani

Mkuu wa Makorora ameeleza vizuri. Niongeze kwamba ile 11 inaweza kutokea hata pale ambapo ruta, swichi na kadi zote ni za megabiti 1000, na hapo mshukiwa wa kwanza ni waya.

Ndani ya waya wa mtandao kuna nyaya ndogo nane, yaani jozi nne: ya machungwa, ya kijani, ya bluu na ya kahawia. Kasi ya megabiti 100 hutumia jozi mbili tu, ya machungwa na ya kijani. Megabiti 1000 huhitaji zote nne. Ukikatika uzi mmoja wa kahawia, mtandao hauzimiki. Kadi nyingi hushuka zenyewe hadi 100 na kuendelea na kazi, na mwenye nyumba anaweza kuishi hivyo muda mrefu bila kujua kwamba ana waya mbovu, kwa kuwa intaneti yake inafunguka vizuri.

Nyumba zilizo karibu na bahari, hasa upande wa Raskazone, nimekuta vichwa vya waya ambavyo pini zake zimeshika kutu ya kijani kwa ajili ya chumvi ya hewani. Ukiangalia kichwa hicho kwenye mwanga, utaona pini sita zinang'aa na mbili za pembeni zimefifia. Hapo hakuna haja ya kubadilisha waya mzima: kata kichwa, punguza kipande kidogo cha waya, bana kichwa kipya.

Jambo la pili ninaloliomba kwa moyo wote ni kukagua waya kabla ya kuununua. Ziko nyaya za alumini iliyopakwa shaba juu, zinazouzwa kama shaba tupu. Kwangua uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini. Hukatika upesi inapokunjwa kwenye kona za ukuta, na haifai kufukiwa kwenye plasta, kwa sababu siku ikikatika itabidi ukuta uchimbwe.

Mwalimu, Mikanjuni

Kwangu waya ulikuwa mzima. Faili moja la gigabaiti 4 lilipita kwa kasi ya 100, lakini folda ya mitihani na picha zilizoskaniwa, yenye gigabaiti hizo hizo 4, ilisuasua kwenye 1 au 2. Nilielezwa kwamba kila faili dogo lina salamu zake: kompyuta ya pili huombwa ruhusa, hufungua jina jipya, huandika, hufunga, kisha ndipo la pili lianze. Ni kama kupakia machungwa ya Muheza kwenye lori moja moja badala ya kuyapakia kwa magunia.

Nilichofanya ni kuikusanya folda nzima kuwa faili moja la zip kabla ya kuihamisha, bila kuibana, kwa kuwa picha hazipungui ukubwa na kubana kunapoteza muda tu. Kwa folda ninazozihamisha mara kwa mara natumia Robocopy, programu ya kunakili iliyomo ndani ya Windows, nikiongeza /MT ili inakili mafaili kadhaa kwa pamoja.

Mhasibu, Raskazone

Laptopi zangu zote mbili zilikuwa kwenye waifai ya gigahezi 2.4. Zilionyesha megabiti 72, lakini mafaili yalikwenda kwa megabaiti 2 au 3. Sababu ni kwamba waifai haitoi kasi yote ya namba inayoiandika. Nusu yake ndiyo ya kutegemea. Tena, laptopi zote mbili zikiwa hewani, faili hupita hewani mara mbili, kwanza kwenda kwenye ruta, kisha kutoka kwenye ruta, na hewa ni moja. Nilipoiweka laptopi isiyohama kwenye waya, kasi ilikaribia mara mbili. Nyingine nikaihamishia gigahezi 5, ambayo ni nzuri mno ukiwa chumba kimoja na ruta, ila ukuta wa tofali huipunguza sana.

Mchangiaji, Pongwe

Mimi nilikwama kwenye 33. Diski ya nje ilichomekwa kwenye tundu la USB 2.0. Nikaihamishia tundu la USB 3.0, lile ambalo mara nyingi lina plastiki ya bluu ndani, tatizo likaisha.

Mwanzisha mada, Chumbageni

Ahsanteni sana. Fundi, kwa mtu asiyejua hata aanzie wapi, kipimo cha kwanza kiwe kipi?

Fundi wa mitandao, Ngamiani

Atumie iperf3, programu ya bure ya kupimia kasi ya mtandao. Kompyuta moja inasubiri, ya pili inatuma data kutoka kwenye kumbukumbu (RAM) bila kugusa diski, hivyo inapima njia peke yake. Ikitoa megabiti 940 hivi, njia ni nzima, na mtu aziache nyaya zake akachunguze diski, mafaili madogo au programu ya kuzuia virusi inayokagua kila kinachoingia. Hiyo ya virusi asiizime. Aiondolee ukaguzi folda moja anayoiamini, na mafaili yanayotoka kwenye flashi za wateja yaendelee kukaguliwa. Ikitoa 94, kuna kipande cha megabiti 100 mahali fulani: achomeke kompyuta mbili moja kwa moja kwa waya anaouamini, apime tena, kisha arudishe kifaa kimoja kimoja hadi namba ianguke. Na mwenye laptopi isiyo na tundu la waya anunue adapta ya USB 3.0 ya megabiti 1000, kwani ile ya USB 2.0, hata kama boksi limeandikwa 1000, itamrudisha kwenye megabaiti 30 na kitu.